Kilimo cha wima: maana yake, na kinavyokaa kwenye ukuta wa Dar

Kilimo cha wima ni kupanda mimea kwa tabaka, moja juu ya nyingine, badala ya kuitandaza ardhini. Rafu nne zenye mita moja ya mraba kila moja zinakupa mita nne za kupandia juu ya mita moja ya sakafu. Hesabu hiyo ndiyo inayowavuta watu wa mijini, na Dar es Salaam ina sababu zake za kuvutwa: uani kwenye nyumba ya kupanga Sinza au Mwananyamala pameshajaa simtanki, kamba ya nguo na pikipiki ya jirani. Kilichobaki wazi ni ukuta.

Mengine yanayotajwa pamoja na dhana hii ni nyongeza. Unaweza kulima wima ndani ya nyumba kwa taa au nje kwa jua, kwa udongo au bila udongo. Hapa ndipo wengi wanapochanganya, hasa wanaojifunza kwenye video za wauza mafunzo: hudhani kilimo cha wima na haidroponiki ni kitu kimoja. Haidroponiki ni kulisha mizizi kwa maji yaliyochanganywa na virutubisho, bila udongo, na unaweza kuifanya kwenye beseni lililokaa chini. Gunia la matembele lililotobolewa ubavuni, kwa upande wake, ni kilimo cha wima kabisa, na ndani yake mna udongo na samadi tu. Kibera, Nairobi, magunia ya namna hiyo yalienea baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007.

Majengo marefu yanayolima ni habari nyingine. Wazo hilo lilipata nguvu darasani kwa Dickson Despommier, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1999 yeye na wanafunzi wake walianza kwa kupiga hesabu ya bustani za juu ya mapaa ya Manhattan, wakaona zingelisha watu wachache mno. Ndipo wakauliza kwa nini wasipande ndani ya majengo yenyewe, ghorofa kwa ghorofa. Fedha za wawekezaji zikamiminika miaka iliyofuata, kisha upepo ukageuka: AeroFarms ya Newark iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2023, na Bowery Farming ya New York ikafunga kazi mwaka 2024. Mashamba ya aina hii yana gharama nyingi, lakini umeme ndio unaoumiza zaidi.

Tuupigie hesabu hapa kwetu. Mmea kama mrehani ukilimwa ndani unataka taa za LED za takriban wati 100 kwa kila mita ya mraba, ziwake saa 16 kwa siku. Hiyo ni uniti 1.6. Kwa mtu anayenunua LUKU kwa takriban shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 560 kila siku, karibu shilingi 17,000 kwa mwezi, kwa rafu moja tu ya mita moja. Bado hujaweka kiyoyozi, maana taa zinatoa joto, na Dar kwenyewe joto si haba. Wakati huohuo nje ya dirisha jua linawaka bure kwa muda wa saa 12 hivi kila siku. Kwa hiyo mtu akikuuzia rafu zenye taa za zambarau kwa matumizi ya nyumbani Dar, binafsi ningekushauri usubiri.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini humwoni mtu akilima mahindi kwenye rafu. Mmea hujenga mwili wake kwa mwanga. Punje ya hindi lililokomaa ni kavu, imejaa wanga, na kila gramu ya wanga huo imelipiwa mwanga kwa miezi. Jani la saladi ni maji kwa takriban asilimia 95, na linavunwa baada ya wiki chache. Viungo vya majani, kama mrehani, mnanaa na giligilani, vina faida zaidi ya hapo, kwa sababu thamani yake iko kwenye harufu, na harufu haina uzito. Hakuna anayepika kwa kilo ya mnanaa. Anachohitaji ni vitawi viwili, leo jioni, huku sokoni akilazimika kununua fungu zima ambalo nusu yake litaozea kwenye friji.

Kuna na suala la maji yaliyokuza jani unalolila bichi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima madini mazito, yakiwemo risasi na kadmiamu, kwenye mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Mchicha wa bondeni angalau unapikwa, ingawa moto hauondoi risasi. Giligilani ya kachumbari haipiti hata kwenye moto. Ukiiotesha mwenyewe, unajua ilikunywa nini.

Sasa jua. Michoro mingi ya bustani za ukutani imetoka nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua hupita upande na kumulika ukuta karibu mchana kutwa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini hasa; Juni linaegemea kaskazini kwa nyuzi 30 hivi, na Desemba linaegemea kusini kwa nyuzi 17 tu. Maana yake rafu zilizopangwa wima kabisa zinanyimana mwanga: ya juu inaungua, ya chini inakaa kivulini. Dawa yake ni kupanga kwa ngazi, kila tabaka likirudi nyuma kidogo ya lile la chini yake. Unapoteza sehemu ya nafasi uliyoitafuta, lakini kila jani linaliona anga.

Ukuta wenyewe uwe unaotazama mashariki. Unapata jua la asubuhi mwaka mzima, kisha nyumba inaukinga saa nane mchana. Ukuta wa magharibi hupokea jua kali la alasiri na tofali zake hubaki na joto hadi usiku. Mchaichai utavumilia, giligilani hapana. Na kabla hujatundika chochote, fikiria uzito: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inaweza kufika kilo 25 hadi 30. Roshani ya ghorofa ya Upanga haikujengwa kwa ajili ya ndoo kumi za namna hiyo upande mmoja. Ukichanganya udongo na makumbi ya nazi yaliyosagwa, mzigo unapungua na unyevu unakaa, ila yaloweke na uyasuuze mara kadhaa kwanza kwa sababu mara nyingi yana chumvi.

Chumvi inarudi tena kwenye maji. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kwenye chombo kidogo kila umwagiliaji unaacha kidogo ndani huku maji yakikauka. Kingo za majani zikianza kuungua ingawa udongo umelowa, usiongeze mbolea. Mwagia maji mengi ya mvua au ya bomba hadi yatoke chini, yaibebe chumvi. Chombo kisicho na matundu chini hakikupi nafasi hiyo, hata kiwe kizuri namna gani.

Wanaotaka haidroponiki wakutane na tatizo lingine ambalo video za ng'ambo hazilitaji. Maji ya nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubaki kama 7.5. Mizizi nayo kwenye joto hupumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo inadai mengi pale palipo na machache. Matokeo ni mizizi ya kahawia yenye utelezi na mmea unaonyauka huku umesimama ndani ya maji. Pipa jeusi juani wakati wa kaskazi ni kaburi la mnanaa. Lipake chokaa, liweke kivulini, na pampu ya hewa ifanye kazi hata usiku. Umeme ukikatika, tikisa maji kwa mkono. Kwa anayeanza, udongo unasamehe zaidi.

Cha kupanda? Mchaichai kwanza, na ukae tabaka la chini, kwa sababu unakua mrefu na mizizi yake inataka chombo kirefu. Mnanaa unaota kwa kipande cha tawi, unapenda kivuli kiasi na unyevu, lakini upewe chombo chake peke yake maana unatambaa na kumeza wenzake. Mrehani unapenda jua na unafaa tabaka la juu; kata ncha juu ya jozi ya majani, kutatoka matawi mawili, na ukiona maua yanaanza yaondoe, la sivyo majani hudumaa.

Giligilani ndiyo ngumu ya kundi. Joto likizidi inakimbilia kutoa maua na majani yake yanakuwa membamba kama nyuzi. Ipande kipupwe, kuanzia Juni, na usiihamishe baada ya kuota kwa kuwa mzizi wake mkuu hauvumilii kung'olewa. Kila punje ya mviringo ina mbegu mbili ndani, kwa hiyo ipasue kidogo kwa chupa kabla ya kuifukia. Panda kidogo kila wiki mbili badala ya nyingi mara moja. Kipindi cha kaskazi ningeiacha, nikanunue soko la Kisutu.

Jikoni, jambo la kujua ni kwamba harufu ya majani haya ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Majani magumu, kama rozimeri na majani ya mchuzi, hayaiachii kwa urahisi, ndiyo maana majani ya mchuzi hutupwa kwenye mafuta ya moto mwanzoni kabisa, kabla ya kitunguu. Mchaichai pia unataka muda: ponda sehemu nyeupe ya shina kwa mgongo wa kisu, funga fundo, uache uchemke ndani ya chai au tui la nazi, kisha uopoe. Majani laini ni kinyume chake. Giligilani ikichemka dakika kumi kwenye mchuzi inabaki rangi tu, kwa hiyo iingie moto ukishazimwa. Mashina yake usiyatupe; yana harufu kuliko majani, nayo yakitwangwa na kitunguu saumu, pilipili, chumvi na ndimu hupaka samaki vizuri kabla ya kwenda kwenye mkaa. Mnanaa wa juisi ya ndimu ukandamize kidogo tu, maana ukiuponda sana unatoa uchungu.

Vuna asubuhi, jua halijapanda. Giligilani na mnanaa vikae kwenye glasi ya maji ndani ya friji, vimefunikwa kwa mfuko. Mrehani usiutie humo kabisa, kwa kuwa baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi huyageuza majani yake meusi. Uache mezani ndani ya maji, mbali na jiko, na ubadilishe maji kila siku. Usipoula wote, matawi yaliyobaki hutoa mizizi humohumo, nayo yanaweza kwenda kwenye rafu zako za ngazi.