Barafu Iliyochonga Pwani za Mbali na Kiangazi Kilichokausha Ziwa Letu

Tunapokwenda kufundisha katika shule za Kisumu, somo letu la enzi ya barafu huanza na kopo. Usiku wa kuamkia siku ya somo tunatia maji, mchanga na kokoto ndani yake, tunaligandisha, kisha asubuhi tunatoa donge na kulisukuma juu ya udongo wa mfinyanzi uliotandazwa kwenye sinia. Barafu tupu ingeteleza tu. Hii yenye kokoto huchimba mifereji, na mbele yake udongo hujikusanya rundo. Mtoto akilisukuma kwa mkono wake mwenyewe, haachi kuuliza maswali.

Sasa lifikirie donge hilo likiwa na unene wa kilomita 3. Ndivyo ilivyokuwa Kanada na kaskazini ya Ulaya miaka kama 20,000 iliyopita. Theluji iliyoanguka bila kuyeyuka ilirundikana mwaka baada ya mwaka, ikashindiliwa ikawa barafu, na uzito wake wenyewe ukaifanya itambae polepole kuelekea mabondeni na baharini. Barafu ya namna hiyo inayotembea ndiyo tunayoiita barafuto.

Bara haliishii pale mawimbi yanapofika. Huendelea chini ya maji kama baraza ya nyumba, mahali pengine kilomita chache tu, pengine mamia, kabla ya kutumbukia kwenye kilindi. Maji mengi yalipofungwa katika barafu, usawa wa bahari ulishuka takriban mita 120, na sehemu kubwa za baraza hiyo zikawa nchi kavu. Kati ya Uingereza na Denmark palikuwa na tambarare zilizotembewa na tembo wenye manyoya mazito, na hadi leo wavuvi wa huko huopoa mifupa yao nyavuni. Mvuvi wa Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu, anajua nyavu zinavyonasa vitu vya ajabu, lakini pembe ya tembo katikati ya bahari ni jambo jingine kabisa!

Barafuto zilipovuka baraza hiyo zilifanya kazi ile ile ya donge letu kwenye sinia. Karibu na pwani ya kusini ya Norwei zilichimba mtaro wenye kina cha mita 700 hivi. Mabonde ya nchi hiyo yalichongwa yakawa makorongo yenye kuta wima, kisha bahari ikaingia. Moja lao, Sognefjord, lina kina cha mita 1,300 hivi, ilhali Ziwa Viktoria halizidi sana mita 80 hata mahali penye kina kirefu kabisa. Na lile rundo la udongo mbele ya donge? Nalo lipo. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Long Island, Marekani, ni kifusi kilichosukumwa na barafu na kuachwa ilipoyeyuka.

Uzito nao ulikuwa na kazi yake. Ukibonyeza kidole kwenye unga wa mandazi uliokandwa vizuri, unabonyea, na ukikitoa unarudi taratibu. Ardhi iliyobonyezwa na barafu inarudi vivyo hivyo, na haijamaliza. Katika ghuba iliyo kati ya Uswidi na Ufini, nchi kavu huinuka karibu sentimita 1 kila mwaka, hata vijiji vya wavuvi vimelazimika kusogeza magati yao kufuata maji. Sisi wa Kisumu tuliona kinyume chake mwaka 2020, Ziwa Viktoria lilipofurika likaingia majumbani, ingawa sababu yetu ilikuwa mvua.

Watu wengi hudhani barafu ilifunika dunia nzima. La hasha. Hapa kwetu ilikaa vileleni tu, Mlima Kenya na Elgon, ambako mabonde ya juu bado yana alama zake. Hata hivyo enzi hiyo ilitufikia kwa njia nyingine. Pwani ya Mombasa, bahari iliposhuka, mito ilichimba mabonde hadi chini kabisa. Iliporudi, yakazama yakawa hori za Kilindini na Tudor, na meli kubwa hutia nanga Kilindini leo kwa sababu ya kina hicho.

Huku bara, bahari zilizopoa zilitoa mvuke kidogo, mvua ikapungua, na Ziwa Viktoria likakauka. Watafiti waliotoboa sakafu yake kwa mabomba marefu walikuta, chini ya tope laini, udongo mgumu uliowahi kukauka, wenye vijizizi vya mimea iliyoota papo hapo. Maji yalirudi miaka kama 15,000 iliyopita. Mimi hushika kipande cha udongo huo mgumu akilini kila ninapopanda mtumbwi: chini ya omena na fulu, samaki wadogo wa ziwa letu, chini ya tope, kuna mbuga iliyowahi kuota nyasi.