Feng shui na makorokoro ya nyumbani: maana yake na mipaka yake

Feng shui ni elimu ya kale ya Wachina inayohusu kuchagua na kupanga mahali, pawe ni kaburi, nyumba au mji mzima, ili papatane na nguvu isiyoonekana ambayo wao huiita chi. Feng ni upepo na shui ni maji. Jina hilo hufungamanishwa na maandishi yaitwayo Kitabu cha Maziko, ambayo kwa desturi husemwa kuwa ni ya mwanazuoni Guo Pu, aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324. Humo imeelezwa kwamba chi ikipeperushwa na upepo hutawanyika, na ikifika penye maji hutulia. Kwa hiyo eneo jema lilikuwa lile lililokingwa na vilima dhidi ya upepo mkali, lenye maji yapitayo taratibu mbele yake. Msomaji ataona kwamba hapo hapajatajwa kabati lililojaa nguo zisizovaliwa wala droo ya chaja zilizokufa.

Ili kuelewa namna elimu ya makaburi na vilima ilivyofika kwenye droo, ni lazima kuitazama chi yenyewe kwa makini. Kwa Kichina neno hilo lina maana pana, kuanzia hewa na pumzi hadi uhai unaopita ndani ya mwili na ndani ya ardhi. Sifa yake kubwa ni mwendo. Ikienda kasi mno, kama katika njia ndefu iliyonyooka, huhesabiwa kuwa inadhuru, na ikikwama huchacha kama maji ya dimbwi. Nyumba iliyopangwa vizuri huipa nafasi ya kuingia, kuzunguka na kutoka bila haraka. Mlango mkuu huitwa mdomo wa chi, na uwanja ulio wazi mbele ya nyumba huitwa mingtang, yaani ukumbi wenye nuru, mahali ambapo chi hukusanyika kabla ya kuingia. Mtu akishaikubali picha hiyo, suala la makorokoro hujileta lenyewe, kwa kuwa uwanja ukizibwa, au mdomo ukijazwa vitu, hakuna kitakachoingia.

Hata hivyo, ni haki kusema wazi kwamba mkazo mkubwa unaowekwa leo juu ya kuondoa makorokoro ni wa karibuni, na umekuzwa zaidi Marekani na Ulaya kuliko katika vitabu vya kale vya China. Mabwana wa zamani walihangaika na milima, mito na dira yao ya duara iitwayo luopan. Wakazi wa nyumba za ghorofa, wasioweza kuhamisha kilima wala kugeuza jengo lielekee kusini, walibakiwa na kile walichoweza kukigusa kwa mikono, nacho ni vyombo vyao wenyewe.

Katika mtazamo huu wingi wa vitu peke yake si kosa. Stoo yenye rafu kumi zilizojaa, ambayo mwenyewe anajua kila kitu kilipo na hukitumia, haina tatizo, ilhali meza moja yenye bahasha ambazo hazijafunguliwa tangu mwaka jana inalo. Kinachohesabiwa kuwa mrundikano ni kitu kisichotumika, kilichoharibika na kuachwa bila kutengenezwa, kisicho na mahali pake, au kinachomkera mwenye nyumba kila akikiona. Saa ya ukutani iliyosimama ni mfano unaotajwa sana, kwa sababu ni chombo cha mwendo ambacho hakiendi.

Kazi huanzia mlangoni. Kwa muda mrefu mlango wangu wa mbele haukuwa ukifunguka wote, maana nyuma yake kulikuwa na mwavuli uliokatika njiti, pasi ya zamani isiyopata moto, na mfuko mkubwa uliojaa mifuko mingine. Kila aliyeingia alipita upande, bega mbele, na sote tulikwisha kuzoea hata tukaona ndivyo mlango ulivyo. Sina haja ya kuamini chi ili kukiri kwamba nyumba ilibadilika siku mlango ulipogonga ukuta kwa mara ya kwanza. Mtaalamu wa feng shui angesema mdomo umefunguka. Fundi seremala angesema bawaba sasa zinafanya kazi yake yote.

Baada ya mlango hufuata uvungu wa kitanda. Hapo hoja ni kwamba mtu hulala saa nyingi juu ya vitu hivyo, na chi haiwezi kumzunguka akiwa amepumzika. Wengi hulegeza kamba kwa mashuka na mablanketi, kwa kuwa ni vitu laini vya usingizi, lakini hukataa viatu, vyuma na masanduku ya barua za zamani. Kona, njia za kupitia na sehemu ya katikati ya nyumba hufuata kanuni ileile.

Ugumu huanza mtu anapoambiwa kwamba kila kona inatawala jambo fulani la maisha. Ramani inayotumika ni bagua, yenye pande nane, na shule za feng shui, yaani mikondo yake ya mafundisho, hazikubaliani namna ya kuiweka juu ya nyumba. Wafuasi wa dira huutafuta upande wa kusini-mashariki na kusema huko ndiko kuliko na mali. Shule iliyoenezwa California na mwalimu wa feng shui Lin Yun kuanzia miaka ya 1980 haihitaji dira, kwani humtaka mtu asimame mlangoni akitazama ndani, na kona ya mbali iliyo kushoto kwake ndiyo ya mali. Katika nyumba moja kona hizo mbili zinaweza kuwa mbalimbali kabisa. Kwa hiyo anayeahidiwa kwamba akiondoa maboksi katika kona fulani atapata fedha ana haki ya kuuliza ni kona ya nani. Wala hakuna kipimo cha kisayansi kilichowahi kuionyesha chi. Kuondoa makorokoro, kwa bahati nzuri, hakuhitaji ramani, maana njia iliyozibwa imezibwa kwa shule zote.

Wachina wenyewe wana desturi ya kufagia nyumba nzima kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi. Watu wengi huifanya karibu na tarehe 24 ya mwezi wa kumi na mbili, na ni mila ya watu wote zaidi kuliko fundisho la feng shui. Kwa Kichina neno la vumbi na neno la mambo yaliyochakaa hutamkwa sawa, chen, hivyo anayefagia vumbi anafagia na ya kale. Siku ya kwanza ya mwaka mifagio hufichwa, isije bahati iliyokwisha kuingia ikatolewa nje. Ikilazimu kufagia, hufagiliwa kuelekea ndani, na taka hurundikwa kwenye kona hadi siku ya tano.