Je, wajua kwa nini hatupandi pundamilia kwenda mjini? Kuna daktari wa Nairobi alimpanda

Kuna picha ya zamani inazunguka sana mitandaoni, jamaa ana ndevu na kofia, amekaa juu ya pundamilia ametulia kabisa utadhani anaenda sokoni kununua nyanya, na kila ikitumwa kwenye grupu lazima atokee mtu wa kusema hiyo ni kazi ya kompyuta. Si ya kompyuta. Huyo ni Dk. Rosendo Ayres Ribeiro, Mgoa, yaani mtu wa Goa kule India iliyokuwa koloni la Ureno, daktari wa kwanza kufungua tiba ya binafsi Nairobi, na huyo pundamilia ndiye alikuwa usafiri wake wa kuzungukia wagonjwa. Sasa kama yeye aliweza zaidi ya miaka 100 iliyopita, mbona sisi tumebaki kugombana na makondakta na bodaboda wakati pundamilia wamejaa pale Nairobi National Park, bure, hawanywi petroli?

Kwanza Nairobi ya wakati ule usiipigie picha kama hii ya leo. Reli kutoka Mombasa ilifika pale 1899, sehemu ya kinamasi, mji ukaota pembeni ya reli tu bila mpango wa maana, mahema, vibanda vya mabati, karakana, na bazaar ya Wahindi iliyobanana vibaya sana. Ukitaka kwenda mahali unatembea, au unapanda mkokoteni wa ng'ombe, au kama una hela unakaa kwenye riksho unavutwa na binadamu mwenzako. Mvua ikinyesha matope hayana huruma. Mombasa angalau wakubwa walikuwa na vile vitoroli vya kusukumwa juu ya kireli chembamba katikati ya mji, bwana mkubwa amekaa chini ya kivuli, nyuma wanaume wanasukuma mbio, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Ribeiro alifika Nairobi mwaka 1900 akaanza kutibu watu ndani ya hema. Mwaka 1902 ndiye aliyegundua wagonjwa wa tauni pale bazaar, akapeleka taarifa serikalini kama daktari muungwana, na wakubwa wakaona dawa ni kiberiti, bazaar ikachomwa moto, na sehemu yake ya kutibia ikaungua humo humo. Asante ya punda ni mateke, wahenga walishasema, ila hapo hata punda hakuwepo. Jamaa hakukata tamaa, akaendelea na kazi, na ndio miaka hiyo watu wa Nairobi wakazoea kumuona akipita na mnyama wake wa mistari.

Kwa nini asinunue farasi? Farasi walikuwepo, walowezi walileta, lakini hii nchi yetu farasi inamtafuna. Kuna mbung'o, huyu inzi anayebeba vijidudu vinavyoingia kwenye damu ya mnyama, mnyama anakonda, anaishiwa damu, anakufa, ugonjwa unaitwa nagana, na David Bruce aliugundua chanzo chake kule Zululand miaka ya 1890. Halafu kuna ugonjwa mwingine unaoua farasi hasa, unaletwa na visubi vidogo vya usiku, huo farasi anaweza kuwa mzima leo na baada ya siku chache unamzika. Ndio maana kwa karne nyingi misafara ya kutoka pwani kwenda bara ilibebwa na vichwa na mabega ya watu. Haikuwa ujinga wa kutojua mambo ya wanyama wa mizigo, ni kwamba sehemu nyingi za njia mnyama hafiki.

Pundamilia yeye hapo ndio nyumbani. Vijidudu vya nagana anaweza kuwa navyo akaendelea na maisha, ule ugonjwa wa farasi haumsumbui hivyo, na tena mbung'o wenyewe hawampendi sana. Hii ya mwisho inahusiana na mistari. Mwaka 2019 watafiti kule Uingereza waliwavisha farasi majoho ya mistari kama ya pundamilia, wakakuta mainzi wanaouma wanasogea vizuri tu lakini wakikaribia wanashindwa kutua, wanagonga au wanapita. Japani nako wakapaka ng'ombe weusi mistari myeupe, kuumwa na mainzi kukapungua karibu nusu. Kwa hiyo mnyama wa Ribeiro alikuja na chandarua chake mwilini, na kwa mtu wa akili za kidaktari naona hiyo hesabu ilikuwa inaingia akilini kabisa, si vituko tu. Ingawa na vituko vilikuwemo bwana, usiniambie mtu anapanda pundamilia bila kupenda kidogo watu wageuke kutazama.

Na kama unataka vituko vyenyewe nenda London miaka ya 1890. Kulikuwa na tajiri mmoja, Walter Rothschild, wa ile familia ya mabenki, kijana mwenye haya sana lakini anapenda wanyama kupita kiasi, akajijengea makumbusho yake kule Tring yakafunguliwa kwa watu 1892. Kuna picha yake amempanda kobe mkubwa, ameweka jani la mboga kwenye fimbo mbele ya kobe ili atembee. Huyu ndiye aliyefunga pundamilia watatu na farasi mdogo mmoja kwenye gari la kukokotwa, akaendesha katikati ya mitaa ya London mpaka Buckingham Palace. Inasimuliwa kwamba Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, alitaka kumpapasa mmoja wao na Rothschild moyo ukamruka, maana alijua vizuri anachokijua kuhusu wale wanyama. Wengi wanatumia hiyo picha ya gari lake kuthibitisha kwamba pundamilia anafugika. Mimi naiona kinyume, yule aliyekuwa nao karibu kuliko wote ndiye aliyekuwa anaomba Mungu mheshimiwa asinyooshe mkono.

Pia ukiangalia vizuri Rothschild hakuwapanda, aliwafunga kwenye gari. Pundamilia wa kawaida ni mnyama wa kilo kama 200 mpaka 300 na kitu, farasi wa kupanda anafika 500, na mgongo wa pundamilia haukujengwa kubeba mtu mzima masaa mengi. Afrika Kusini kampuni ya Zeederberg iliyokuwa inaendesha magari ya abiria ya kukokotwa iliwajaribu pundamilia pamoja na baghala, yaani wale machotara wa punda na farasi, na tatizo likawa pumzi, wanakimbia vizuri mwanzoni halafu wanaisha. Ukifikiria ni mantiki, huyu mnyama miaka yote amekimbia simba na fisi, anahitaji dakika chache za mbio kali, kilomita 60 na zaidi kwa saa, hahitaji kwenda na mzigo kutoka asubuhi mpaka jioni.

Halafu kuna tabia. Pundamilia aking'ata haachii, hiyo waulize wanaowahudumia kwenye mabustani ya wanyama. Teke lake linaweza kuvunja taya la simba, na kumkamata kwa kamba ya kitanzi ni kazi kwelikweli kwa sababu anaiangalia kamba inakuja halafu anainamisha kichwa inapita. Kuna watu wanaeleza kwamba hizi hasira zote ni kwa sababu ameishi na binadamu tangu binadamu aanze kuwinda, amejifunza mapema kwamba hiki kiumbe cha miguu miwili hakina nia njema. Inawezekana, mimi hiyo naipenda kwa sababu inatuweka sisi kwenye makosa.

Lakini kuna maelezo moja nataka niyakatae kabisa maana yamesambaa mno: ati pundamilia hawafugiki kwa sababu hawana familia wala mkubwa wa kundi, ndio maana hawamfuati mtu. Si kweli kwa hawa wa kawaida tunaowaona Mikumi, Serengeti au Nairobi. Hawa wanaishi kifamilia, dume mmoja, majike kadhaa na watoto, na majike wenyewe wana nani anatangulia nani anafuata, sawasawa tu na farasi wa porini. Wanaoishi kila mtu kivyake, dume na eneo lake, ni wale wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya wenye mistari myembamba na masikio makubwa. Kwa hiyo sababu ya kundi haitoshi.

Sasa sababu inayotosha ni ipi? Ni muda, na hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kumzoesha mnyama mmoja ni jambo moja. Unamkamata mdogo, unamlisha, unakaa naye, anakubali tandiko, yule anakuwa rafiki yako, na hata Horace Hayes, mfundisha farasi, miaka ya 1890 alimzoesha pundamilia mpaka mke wake akampanda. Ribeiro naye ndio huko huko. Lakini mtoto wa huyo pundamilia anazaliwa mkali vile vile kama bibi yake wa porini, unaanza upya sifuri. Kufuga kwa maana ya farasi, ng'ombe, mbuzi, ni kuchagua kizazi baada ya kizazi, wapole wazae, wakali wasizae, mpaka upole unakaa kwenye damu. Urusi walianza kufanya hivyo kwa mbweha mwaka 1959 chini ya Dmitri Belyaev, na baada ya vizazi vichache tu mbweha wakawa wanatikisa mkia wakiona mtu. Ila mbweha anazaa akiwa na mwaka mmoja na anazaa wengi kwa mpigo. Pundamilia jike anasubiri mpaka miaka kama mitatu, anabeba mimba mwaka mzima na zaidi kidogo, anatoa mtoto mmoja. Piga hesabu mwenyewe uone ni maisha ya watu wangapi yanaishia zizini kabla hujapata pundamilia wa kumkabidhi dereva wa kawaida.

Wakoloni walijaribu kukata kona. Wajerumani upande wa Kilimanjaro walikamata pundamilia wakawafundisha, wengine wakafanya machotara kwa kuchanganya pundamilia na farasi au punda, wakiamini watapata mnyama mwenye nguvu za farasi na kinga ya pundamilia. Profesa Ewart wa Scotland alikuwa ameshazalisha machotara kama hao kabla ya 1900. Wanapatikana, ni wazuri hata kuwaangalia, lakini hawazai, kwa hiyo kila mmoja unamtengeneza upya. Wakati hayo yanaendelea reli zikasogea, magari ya moto yakaingia, na serikali gani ingeendelea kulisha pundamilia miaka 50 kungojea matokeo wakati lori linanunuliwa leo?

Na kusema ukweli hakukuwa na haja hata kabla ya lori, kwa sababu ndugu yake pundamilia alishafugwa zamani na alifugwa hapa hapa Afrika. Punda ametokana na punda mwitu wa pembe ya Afrika na jangwa la Nubia, na vinasaba vinaonyesha alianza kufugwa kama miaka 7,000 iliyopita, yaani kabla hata ya farasi wa leo, ambaye ukoo wake ulitoka nyika za Urusi miaka 4,200 hivi iliyopita. Mtu ambaye ana punda anayebeba mawe, maji na nazi bila kumng'ata hana sababu ya kwenda kupigwa teke porini. Nenda Lamu leo, mji ambao vichochoro vyake gari halipiti, utakuta punda ndio lori, ndio teksi, ndio trafiki, wanabeba simenti, mchanga, mabati, wanajua njia wenyewe, unasikia tu mtu nyuma anapiga kelele upishe, na punda hakungoji umalize kupishana na mwenzako. Tena wana hospitali yao pale tangu miaka ya 1980, watu wengine hata hiyo hawana.

Ribeiro yeye alikuja kuwa makamu wa balozi mdogo (konseli) wa Ureno Nairobi, akapata mali, akachangia shule ya Wagoa, na ile shule ya Parklands mpaka leo inabeba jina lake. Wanafunzi wangapi waliopita pale wanajua babu wa shule alikuwa anaendesha pundamilia sijui kama wanaambiwa, mimi ningekuwa mwalimu mkuu ningemchora getini.

Cha kuchekesha ni kwamba lile jambo la machotara wazungu walilolihangaikia na mazizi na maprofesa, punda mmoja wa kijijini Kenya alilimaliza bila kuambiwa na mtu. Mwaka 2019 pundamilia jike alitoka hifadhi ya Tsavo akajiunga na ng'ombe wa mama mmoja, akakaa nao wiki kadhaa mpaka stori ikatoka kwenye vyombo vya habari, watu wa shirika la wanyamapori la Sheldrick Wildlife Trust wakaja kumchukua wakampeleka hifadhi ya Chyulu. Mwanzoni mwa 2020 akazaa. Wakamwangalia yule mtoto, mwili wa rangi ya kahawia, mistari iko miguuni tu, wakadhani labda ni matope au vumbi. Wakahesabu miezi kurudi nyuma, wakakumbuka kule kijijini hakukuwa na ng'ombe peke yao.