Je, wajua kwa nini Land Rover ya kale huoza ilhali bodi yake ni alumini?

Chukua sumaku uibandike ubavuni mwa Land Rover ya miaka ya 1960. Itadondoka. Ijaribu kwenye boneti, itadondoka tena. (Ukienda kununua gari la namna hii, usimtuhumu muuzaji kwamba ameziba mashimo kwa fila (uji unaoganda wa kujazia bodi), sumaku haina la kusema hapo.) Bodi ni ya alumini, na alumini haishiki kutu. Sasa piga magoti, pitisha mkono nyuma ya gurudumu la mbele, ukwangue chasisi, fremu inayobeba gari zima, kwa bisibisi. Kama gari limeishi Mombasa, Tanga au Unguja, jiandae: yatamwagika magamba ya kahawia, na huenda bisibisi ikazama hadi mpini.

Kwa hiyo gari linalosifiwa kote kwamba halijui kutu linaoza, tena linaoza kutoka ndani kuja nje. Ukielewa sababu yake utaona pia kwamba pesa nyingi zinazotumika kulikinga gari la kale huishia mahali pasipohusika sana, yaani kwenye rangi ya juu.

Alumini yenyewe haikuchaguliwa kwa kuogopa kutu. Uingereza ilitoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa na chuma cha mgawo, huku alumini iliyokuwa ikitengenezewa ndege ikipatikana kwa urahisi. Kampuni ya Rover, kupitia mhandisi wake Maurice Wilks, ilitaka gari la shambani la kuuza nje ya nchi haraka. Likaonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948 likiwa na bodi ya Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi. Hata ile kijani iliyopauka ya matoleo ya mwanzo ilitokana na rangi ya ndege za kijeshi iliyobaki stoo. Ila mzigo ulihitaji kitu kigumu zaidi, kwa hiyo chasisi ikabaki chuma: bamba ndefu zilizochomelewa pembeni zikawa boksi lenye uwazi ndani. Ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ukawa chuma. Milango ikapewa fremu ya chuma, kisha ikavikwa alumini kwa nje. Hapo umeshazitaja karibu sehemu zote zinazooza hadi leo.

Sasa, kutu ni nini hasa? Tumezoea kusema maji yanakula chuma. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Chuma kinaposhika kutu kinazalisha umeme mdogo. Sehemu moja ya bamba huachia elektroni (vichembe vya umeme), na chembe za chuma zikayeyukia majini. Sehemu nyingine ya bamba lilelile huzipokea elektroni hizo na kuikabidhi oksijeni iliyomo majini. Chuma ndicho waya, maji ndiyo yanayofunga mzunguko. Ukiondoa maji, au oksijeni, kutu inasimama.

La kushangaza ni sehemu ipi inayoliwa. Mwanakemia Ulick Evans wa Cambridge alilionyesha kwa tone moja la maji ya chumvi juu ya bamba safi la chuma, na jaribio hilo bado hufanywa madarasani. Tone likitiwa kemikali za kuonyesha rangi, muda si mrefu ukingo wake unageuka waridi na katikati panageuka buluu. Waridi ni pale oksijeni inapopokea elektroni: ukingoni, ambako maji ni membamba na hewa inapenya kirahisi. Buluu ni chuma kinachoyeyuka, nacho kiko katikati, ambako hewa ni haba. Kutu yenyewe, ile ya kahawia, hujikusanya baadaye mithili ya pete mahali hizo mbili zinapokutana. Kwa maneno mengine, chuma hakiliwi pale hewa inapofika vizuri. Kinaliwa pale ilipobanwa, na sehemu yenye hewa ndiyo inayochochea moto.

Rudi chini ya gari na maarifa hayo. Tope lililoganda kwenye mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika bodi. Upande wa chini wa washa ya boliti. Bamba mbili zilizolaliana na kuunganishwa kwa nukta za welding. Sakafu iliyo chini ya mkeka wa mpira uliolowa. Kila mojawapo ni katikati ya tone la Evans. Ubavu unaopigwa na upepo unaonekana mzima, ilhali sentimita mbili kando yake, nyuma ya tope, chuma kinakonda. Ndani ya boksi la chasisi hali ni mbaya zaidi. Kiwanda kiliacha matundu kwa chini ili maji yatoke, na matundu hayo ndiyo ya kwanza kuzibwa na tope. Maji yanaingia kwa juu kila unapovuka mto au dimbwi, kisha yanakaa.

Kutu ikishazaliwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi hutoa malengelenge, na bamba zilizobanwa pamoja hutanuana hadi welding ikaachia. Tena ina vinyweleo: inanyonya maji na kuyashikilia. Alumini nayo hupata tabaka lake la oksidi, ila hilo ni jembamba, limeshikana, na linajifunga lenyewe likikwaruzwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya bodi ibaki na chasisi iondoke.

Pale metali hizo mbili zinapogusana, mambo yanageuka. Alumini na chuma vikiunganishwa kisha vikapata maji ya chumvi, hapo pana betri, na anayeliwa ni alumini. Inama utazame ukingo wa chini wa mlango wa Land Rover ya kale: rangi imevimba, na ukiibandua unakuta unga mweupe. Huo ni alumini iliyoliwa kwa kulala na fremu ya chuma. Wahandisi wa Rover walilijua hilo, ndiyo sababu zile pembe za kijivu zinazozunguka juu ya bodi ya nyuma ni chuma kilichochovywa zinki. Zinki na alumini zina tabia zinazokaribiana, hivyo haziumizani sana. Mtu anayezing'oa boliti za asili na kuweka za stenlesi kwa sababu zinang'aa ajue kwamba pwani alumini inayozizunguka italiwa, labda aweke washa za nailoni na kupaka kitu cha kutenganisha.

Na kwa nini pwani? Watu wa pwani wanajua kwamba chumvi iliyoachwa wazi mezani hulowa bila kumwagiwa tone la maji. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika karibu asilimia 75, na chumvi ya bahari huwahi zaidi kwa sababu ina magnesi kloridi. Unyevu wa namna hiyo pwani ni wa kila usiku. Basi rasharasha za bahari zikishakauka chini ya gari, gari halihitaji mvua tena. Jua likizama linajilowesha lenyewe. Chumvi hiyohiyo pia inayafanya maji yapitishe umeme vizuri, kwa hiyo ile betri ndogo inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Gari kama hilo likiishi Dodoma au Turkana, ambako hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, chasisi yake inaweza kuzeeka taratibu sana. Lakini usidanganyike na gari lililotoka Uingereza kwa hoja kwamba kule ni baridi. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa majira ya baridi ili barafu isigande, na magari huogeshwa chumvi hiyo kwa miezi.

Kinga ya kwanza basi ni ya bei rahisi na haina mvuto: maji yasiyo na chumvi, waya na upepo. Gari lililotembea ufukweni lioshwe chini kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, sio boneti tu. Zibua matundu ya chasisi kwa waya mgumu hadi uone maji yanatiririka. Toa mikeka ikauke juani. Kisha usilifunike gari kwa turubai la plastiki. Turubai linazuia mvua, sawa, lakini mvuke unaotoka ardhini usiku unanaswa chini yake na kugeuka umande juu ya chuma. Banda lenye paa na pande mbili wazi linamshinda turubai kwa mbali.

Kama kutu imeshaingia, hapo gereji nyingi ndipo zinapoharibu. Njia ya mkato ni kukwangua juujuu, kujaza fila, kupiga msasa na kupaka rangi. Gari linatoka linapendeza. Fila hunyonya unyevu, na nyuma yake kutu iliyoachwa inaendelea kula ikiwa imefichwa vizuri kuliko mwanzo. Kazi ya haki ni kusugua hadi chuma kiwe cheupe, na kilichotoboka kikatwe na kuchomelewa bamba jipya. Kupiga mchanga kwa presha kunafaa sana kwa chasisi, ila usimruhusu fundi aelekeze bomba hilo kwenye bamba la alumini, litajikunja. Kwenye vishimo vidogo ambako brashi ya waya haifiki, asidi ya fosforiki huigeuza kutu iliyobaki kuwa fosfati ya chuma, tabaka gumu la kijivu kuelekea weusi. Baada ya hapo ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, ya epoksi. Praima ya kawaida ya kijivu ina vinyweleo na hupitisha maji, kwa hiyo gari linaloachwa na praima hiyo peke yake kwa miezi kusubiri pesa ya rangi linashika kutu chini yake. Alumini nayo inataka praima yake yenye asidi ya kung'ata. Bila hiyo rangi hubanduka kama ganda.

Ndani ya boksi la chasisi brashi haiingii, na hapo ndipo nta inapofanya kazi. Kuna nta ya kupulizwa kwa mpira mrefu mwembamba wenye ncha inayotawanya pande zote, na kuna mafuta ya manyoya ya kondoo yanayofanya kazi hiyohiyo. Mpira unaingizwa hadi mwisho, kisha unavutwa polepole huku ukipuliza. Nta inajipenyeza kwenye maungio, inayasukuma maji, na hubaki laini, kwa hiyo haipasuki chasisi inapojipinda njiani. Chuma lazima kiwe kikavu kwanza. Kwa watu wa pwani wakati mzuri ni msimu wa kaskazi, Januari na Februari. Na welding zote ziishe kabla. Nta inashika moto.

Wapo mafundi wa zamani watakaokuambia upake oili chafu. Inazuia maji kidogo, sikatai. Lakini oili iliyokwisha kutumika ina asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta, inalainisha bushi za mpira, inadondoka ardhini, na ni hatari kwa ngozi ya anayeipaka. Mimi singeiweka. Lami ya kupaka chini ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa inaonekana imara. Ikizeeka hukauka na kupasuka, maji yakaingia nyuma ya ufa, na hewa haifiki. Lile tone la Evans linajirudia chini ya gari zima, na wewe huoni kitu.

Suluhisho la kudumu kuliko yote ni zinki. Mabati tuliyoezekea nyumba kwa miaka mingi ni chuma kilichovikwa zinki, na chasisi ya Land Rover inaweza kufanyiwa hivyohivyo: inavuliwa kila kitu na kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, inayoingia hadi ndani ya boksi. Magari ya majaribio ya mwaka 1948 yalikuwa na chasisi za namna hiyo, kabla kiwanda hakijaamua kupaka rangi tu. Zinki hailindi kwa kufunika peke yake. Ikikwaruzwa, yenyewe ndiyo inaliwa na chuma kinapona. (Ukichomelea chasisi hiyo, saga zinki kwanza mahali pa welding na ufanyie kazi penye upepo, moshi wake huleta homa.)

Kanuni hiyo mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliijaribu kwenye merikebu za jeshi la majini la Uingereza mwaka 1824, akilinda shaba iliyovikwa matumbo ya merikebu, na meli za leo bado zina vipande vya zinki chini yake. Hapo ndipo wanapopata hoja wauza vifaa vya umeme vya kuzuia kutu ya magari, vile vinavyofungwa kwenye betri. Melini jambo hilo linawezekana kwa sababu bahari yenyewe inafunga mzunguko kati ya zinki na chuma chote. Gari liko hewani. Kipande cha zinki kilichofungwa kwenye bampa hakina njia ya kuulinda mlango. Ukitaka zinki ikufanyie kazi, lazima iguse chuma chenyewe: ama kwa kuchovya, ama kwa praima yenye unga mwingi wa zinki juu ya chuma kilichosuguliwa hadi cheupe. Ikipakwa juu ya rangi ya zamani au juu ya kutu, umenunua rangi ya kijivu ya bei ghali.