Majina ya klaudi kwenye seva ya ofisi, Kilindini

Mawakala wengi wa forodha karibu na bandari ya Kilindini wamehamishia mifumo yao kwenye klaudi ya Amazon, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni. VPN (njia ya siri kati ya ofisi na klaudi) ipo, mashine zinafikika kwa anwani zake za namba, ila majina ndiyo yanayogoma. Zoni ya faragha (orodha ya majina ya ndani) ya Route 53, huduma ya majina ya Amazon, hujibu maswali yanayotoka ndani ya mtandao wa klaudi tu. Karani aliyeketi Moi Avenue akiuliza, hapati kitu.

Amazon wana huduma ya kulipia ya kutatua hilo. Kwa ofisi ndogo naiona ghali bure. Mimi huweka CoreDNS, programu ya seva ya majina, na plagini (kiongezo) yake ya route53. Plagini hii haipitii DNS, njia ya kawaida ya kuulizia majina, hata kidogo: huita API ya Amazon (mlango wa programu kuongea na programu), husoma rekodi zote za zoni, huziweka kwenye kumbukumbu ya seva na kujibu yenyewe. Iwe zoni ya faragha au ya umma, kwake ni mamoja. Faili ya mipangilio ni hii:

```
ndani.mizigo.example {
    route53 ndani.mizigo.example.:KITAMBULISHO_CHA_ZONI {
        credentials dns /etc/coredns/aws
        refresh 5m
    }
    cache 30
    errors
}
. {
    forward . 1.1.1.1
    cache
}
```

Ufunguo ulio kwenye faili ya credentials upewe ruhusa mbili tu, ListHostedZonesByName na ListResourceRecordSets. Akiuiba mtu, ataishia kusoma.

Usihangaike na mpangilio wa mistari. Plagini hufuatana kama zilivyopangwa programu ilipojengwa, kwa hiyo cache (akiba ya majibu) hutangulia route53 hata ukiiandika chini yake.

Utaona sikuweka fallthrough. Hiyo hupitisha swali kwa plagini inayofuata jina lisipopatikana, na ina kazi yake pale zoni moja inapochanganya majina ya ndani na ya nje. Hapa sitaki: jina la ndani ambalo halipo lijibiwe hapohapo kwamba halipo, lisiende kuulizwa huko nje.

Usipoandika refresh, zoni husomwa upya kila dakika 1. Route 53 huruhusu maombi 5 kwa sekunde kwa akaunti nzima, na yanagawanywa na kila programu mliyo nayo. Majina ya ofisi hayabadiliki kwa kasi hiyo, dakika 5 zinatosha.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa pwani tusilipuuze. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima. API isipofikika, plagini huandika kosa kwenye logi na kuendelea kujibu kwa rekodi ilizokuwa nazo. Lakini inapowaka lazima iifikie API kwanza, la sivyo haiwaki. Basi mtandao ukianza kuyumba, yule kijana mwenye tabia ya "hebu tuizime tuiwashe" azuiwe asiiguse seva hiyo.