Ushanga mmoja tu

Nimefundisha kutunga shanga hapa Arusha kwa miaka 14, na sijamwona hata mtu mmoja aliyepona. Wazazi huwaleta mabinti zao kwangu wakidhani wanawaepusha na vijiwe, kumbe wanawakabidhi kwa muuza kete mwenye leseni ya biashara (na kete ninazo kweli, zile za baharini zinazoshonwa kwenye ngozi).

Mwathirika huanza na kipimo kidogo, kwa kawaida bangili ya rangi moja, ambayo haina madhara. Hatari huingia pamoja na rangi ya pili. Katika utungaji wa Kimaasai rangi hazikai kiholela: nyekundu, ambayo ni damu, hupendeza ikipakana na nyeupe ya maziwa, na buluu ya mbingu iletayo mvua nayo hutafuta mwenzake, kwa hiyo kila mstari unaokamilika huacha deni ambalo mstari unaofuata tu ndio unaoweza kulilipa. Mkufu mpana wa shingoni ndio mbaya kuliko yote, maana kila mzunguko una waya wake uliojazwa shanga, nyaya hizo hushikwa pamoja na vipande vya ngozi au plastiki vilivyotobolewa, na mzunguko wa nje daima ni mrefu kuliko uliotangulia. Yaani dozi hupanda yenyewe.

Usugu nao haukawii. Aliyeanza na shanga za namba 8 huhamia namba 10, ambazo ni ndogo kuliko hizo, kisha utamkuta akizunguka maduka ya karibu na Soko Kuu akizidharau zisizolingana unene na kudai za Cheki tu. Shanga za kioo kutoka Ulaya zilianza kuwafikia Wamaasai kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo watu walitunga mbegu, mifupa, udongo na chuma, kwa hiyo hata tukifunga mipaka hatutaokoa mtu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kwa siku nne, tulipokuwa msibani. Siku ya tatu, wakati wa kuchambua maharage, arosto ilinipata: nilijikuta nikiyapanga kwenye ungo, mekundu mawili, jeupe moja, mekundu mawili, hadi shangazi akaninyang'anya ungo bila kusema neno. Jioni alinifuata nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa na sindano ya akiba.