Msimsomee mtoto namba kila mita 100

Jumamosi iliyopita, kabla sijapuliza filimbi, baba mmoja alinifuata na boksi mkononi. Amemnunulia mwanawe wa miaka 13 saa ya GPS, ile inayosoma kasi na umbali kwa satelaiti, na mapigo ya moyo. "Kocha, sasa atakuwa anajirekebisha mwenyewe, kila kitu anakiona hapo hapo." Nilicheka kwa adabu. Huyu ni mzazi wa tano au wa sita mwaka huu kuniambia hivyo, na adabu imeanza kuniishia.

Katika dhana zote ninazozisikia uwanjani, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote: kwamba mrejesho, yaani kuambiwa umefanyaje, ukiwa mwingi na wa papo hapo, mtoto anajifunza upesi zaidi. Ubaya wake ni kwamba siku ya mazoezi inaonekana kweli. Mtoto anayesomewa muda kila mita 100 hukimbia vizuri siku hiyo, namba zinanyooka, mzazi anapiga picha. Sasa mvue saa wiki inayofuata uone. Watafiti wa ujifunzaji wa stadi za mwili walishaliona hili tangu miaka ya 1980. Mwaka 1990 Winstein na Schmidt walionyesha kwamba watu waliopewa mrejesho kwenye nusu tu ya majaribio, tena ukipunguzwa kadiri mazoezi yalivyoendelea, walibaki na ujuzi zaidi walipopimwa baadaye kuliko waliopewa kwenye kila jaribio. Mwenye kusaidiwa kila mara huegemea msaada.

Pumzi, kishindo cha mguu, mabega yanavyoanza kukaza, zote hizo ni taarifa za kasi. Mtoto mwenye namba mkononi hana sababu ya kuzisikiliza.

Mwanzoni mwa mwaka alinijia binti mwenye saa kama hiyo. Nilimpa mizunguko ya mita 400, kila mmoja kwa sekunde 92. Akakimbia 92, 91, 92, shingo ikipinda kuisoma saa kila anapotoka kwenye kona. Nikakata soksi kuukuu, nikaifunika saa yake. Akaja na 84, kisha 97, kisha 88. "Umekimbia kwa ngapi?" "Sijui, Kocha." Mama yake aliona soksi yangu ndiyo iliyoharibu mazoezi.

Dawa yangu wanaijua wote pale uwanjani, na wameshaichoka: taja kwanza, ndipo uone. Akivuka mstari anasema muda wake kwa sauti, halafu ndipo namwonyesha stopwochi. Akikosea kwa sekunde 2 au pungufu, sisemi kitu. Kwa anayeanza kabisa nasema mara nyingi zaidi, kisha napunguza wiki hadi wiki. Yule binti sasa anataja 91 na stopwochi inasoma 92, na saa yake bado imevaa soksi.

"Mbona Cheptegei alikimbia na taa?" Ni kweli. Agosti 2020 kule Monaco, Joshua Cheptegei wa Uganda alivunja rekodi ya dunia ya mita 5000 kwa 12:35.36, taa za pembeni mwa uwanja zikimwonyesha kasi. Hiyo ni wastani wa takriban sekunde 60.4 kwa mzunguko, mizunguko 12 na nusu. Zile taa zilimwambia jambo moja tu, kasi, na zilimkuta mtu ambaye kasi hiyo alishaijenga miguuni kwa miaka. Mwanao yuko darasa la saba.

"Mapigo yamefika 200, msimamishe!" Tulia, mama. Ile hesabu ya kukadiria kilele cha mapigo ya moyo, 220 toa umri, ilitokana na takwimu za watu wazima. Kilele cha mapigo ya mtoto anayekimbia huwa karibu na 200, hakishuki kila anapoongeza mwaka, na watoto wa rika moja hupishana kwa mapigo 10 au zaidi. Kama anaongea na anacheka, mwache. Akilalamika kifua kinauma au kizunguzungu, hapo msimamishe bila hata kutazama saa, umpeleke kwa daktari.

Halafu yapo yale ya "saa haidanganyi". Inadanganya sana. Mkanda ukilegea, kile kitaa cha chini ya saa huweza kuhesabu hatua kikadhani ni mapigo ya moyo. Uwanjani ndiyo usiseme: njia ya kwanza imepimwa mita 400, sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa ndani, lakini wazazi wanabishana na mimi kwa sababu satelaiti imesema 415. Anayetaka mapigo ya kuaminika atafute mkanda wa kifuani.

Na ninyi wa ukingoni mnaopiga kelele "Nyanyua goti! Legeza bega! Kidevu!", nanyi ni kifaa cha mrejesho wa papo hapo, tena kibovu kuliko saa. Mtoto akianza kufikiria goti lake, mbio zinakatika. Mimi namwambia "sukuma ardhi nyuma", mara moja, kabla hajaanza.

Yule baba wa boksi nimemwambia aje nayo Jumatano. Kijana ataivaa, ikiwa imefunikwa, na namba tutazisoma sote watatu mazoezi yakiisha. Soksi ninazo za kutosha.